Kukinga ukuta wa mbao na joto la jiko la kuni
Ndugu, kubandika vigae moja kwa moja juu ya mbao, kama unavyopanga, hakutakusaidia. Vigae haviungui, sawa, lakini hupitisha joto hadi nyuma, na mbao inayopashwa joto mwaka hata mwaka hufikia kuwaka kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ukiona ukuta umeanza kuwa kahawia, usiwashe tena.

Kinachokinga hasa ni hewa. Funga bati likiwa mbali na ukuta sentimita 2.5. Skrubu zipitishe kwenye vipande vifupi vya bomba la chuma (si vya mbao, tafadhali!), na zikae pembeni, si katikati nyuma ya jiko, maana zitapeleka joto ukutani. Usizibe chini wala juu: hewa ya baridi iingie chini, ya moto itokee juu.

Jiko lisilo na maelekezo ya mtengenezaji likae sentimita 90 hivi kutoka kwa chochote kinachoungua. Kinga hiyo ya bati huruhusu kulisogeza hadi 30. Kijitabu cha jiko kikisema vingine, kifuate. Bomba la moshi la tabaka moja tu la bati, ambalo watu hulisahau, liachie sentimita 45 kutoka kwa chochote kinachoungua.