Mteja Yumo Kwenye Jedwali, Programu Inasema Hajulikani

SWALI: Wateja wetu hutuandikia ujumbe mfupi wakiuliza oda zao zimefikia wapi. Taarifa zote zimo kwenye hifadhidata, ila mfanyakazi mmoja hushinda akizitafuta na kujibu kwa mkono. Tulitengeneza programu ya kujibu yenyewe, lakini baadhi ya wateja walipata jibu lile lile mara mbili, na wengine waliambiwa hawajulikani ilhali wamo kwenye jedwali. Tumekosea wapi?

JIBU: Hao wanaoambiwa hawajulikani, nadhani, wamehifadhiwa kwa namba inayoanza na sifuri, ilhali ujumbe wao hufika ukiwa na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Kwa binadamu hiyo ni namba moja. Kwa hifadhidata ni mbili. Zigeuzeni namba zote ziwe katika mtindo wa kimataifa wa E.164, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe, jumla ya tarakimu zisizozidi 15 na bila nafasi kati yake. Safu ya namba hizo kwenye jedwali iwe ya maandishi, kwa sababu safu ya nambari humeza sifuri ya mwanzo na alama ya kujumlisha bila kumwambia mtu.

Jibu maradufu lina chanzo kingine. Mtoa huduma anayewaletea ujumbe hutarajia seva yenu ithibitishe upesi kwamba imeupokea, na uthibitisho ukichelewa, huuleta tena. Programu inayotafuta oda, ikatunga jibu na kulituma kabla ya kuthibitisha huwa imejichelewesha yenyewe. Anzeni kwa kuuandika ujumbe kwenye jedwali la ujumbe uliopokelewa, pamoja na kitambulisho chake, katika safu isiyoruhusu thamani kujirudia. Kisha thibitisheni papo hapo, na kazi ya kujibu ifanywe na programu ya pili inayosoma jedwali hilo. Ujumbe ukiletwa tena, hifadhidata yenyewe itaukataa. Watengenezaji wengi huichukulia hifadhidata kuwa ghala la majibu tu, wakasahau kwamba ndiyo inayopaswa kukumbuka nani ameshajibiwa.

Maneno ya mteja msiyaunganishe moja kwa moja na amri ya kutafuta, bali yapitisheni kama kigezo, yaani thamani inayotumwa kando na amri yenyewe, la sivyo mtu mwenye nia mbaya ataandika amri yake mwenyewe ndani ya ujumbe. Aidha, namba ya mtumaji inaweza kughushiwa. Kusema kwamba mzigo umeondoka ghalani hakuna hatari kubwa. Anwani au deni la mteja lisitajwe kamwe katika jibu la mashine.

Hamkuuliza kuhusu gharama, lakini nitaigusa kwa kuwa Kiswahili kina mtego wake. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 za alfabeti ya kawaida ya simu, na ikiingia alama moja tu iliyo nje ya alfabeti hiyo, nafasi hushuka hadi 70. Ritifaa iliyonyooka katika neno kama “ng'oa” imo ndani ya alfabeti hiyo. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Jibu lenye herufi 120 lililonakiliwa kutoka kwenye waraka wa ofisi linaweza hivyo kulipiwa kama jumbe mbili.

Wekeni pia kikomo cha majibu kwa kila namba kwa saa, kwani mashine yenu ikikutana na mashine nyingine inayojibu yenyewe, zitaandikiana usiku kucha kwa gharama yenu. Na mfanyakazi yule msimwondoe. Ujumbe usio na namba ya oda inayotambulika, au unaolalamika, uwekewe alama kwenye jedwali na umfikie yeye, huku mteja akijulishwa kwa sentensi moja kwamba atajibiwa na mtu.