Usikimbilie Kisu, Tazama Kinywa Kwanza

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza mbuzi walikupita kwa kelele. Nilivyoelewa ni kwamba yule mweupe kazaa pacha usiku. Jike anasimama, lakini kwato za mbele zimekunjika, anakanyagia vifundo. Dume amelala tu, hajiinui. Mama yao kachoka, anawanusa kisha anajiendea zake. Na jirani yako hapo Mwakirunge amekwambia uwachinje, eti miguu ya namna hiyo hainyooki. Unaniuliza kama ni kweli.

Mara nyingi si kweli. Na miguu si kazi ya leo. Mbuzi mchanga huuawa na baridi na njaa siku ile ile, miguu ikiwa bado haijapata nafasi ya kumdhuru. Kwa hiyo mwendee huyo dume sasa hivi, umtie kidole kinywani. Ukikuta kinywa kina baridi, au hakinyonyi kidole, usimmiminie maziwa kwa huruma. Yatampita mapafuni. Mkaushe kwanza kwa leso kuukuu, umsugue kwa nguvu, umlaze juu ya gunia kando ya chupa ya maji moto uliyoifunga kitambaa. Msidanganywe na joto la Mombasa. Mtoto aliyezaliwa usiku amelowa, na upepo unapita bandani, hupoa upesi. Kama una kipimajoto, mbuzi mwenye afya huwa kiasi cha nyuzi 39. Chini ya 37 ni hatari.

Akishapata moto na kuanza kunyonya kidole, mpe dang'a. Hapo ndipo usinifanyie uvivu. Mbuzi huzaliwa hana kinga mwilini, kinga yote imo kwenye maziwa hayo ya kwanza mazito ya manjano, na utumbo wake huipokea kwa siku moja tu. Kila saa ikipita inapokea kidogo zaidi, na baada ya saa 24 hata ukimpa ndoo nzima ni chakula tu. Mkamue mama yao, upime. Mtoto wa kilo mbili apate kama mililita 100 katika saa za mwanzo, na kufika usiku awe amemaliza 200 au zaidi, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili tatu. Tumia chupa ya chuchu, yeye akiwa amelala kifudifudi, kichwa juu kama anavyonyonya kwa mamake. Usimpindue chali kama mtoto wa binadamu, nakujua wewe.

Na vitovu je, umevipaka iodini? Hukusema. Vichovye leo, vyote viwili. Uchafu ukiingia hapo huenda kukaa kwenye viungo, na baada ya siku kadhaa utaona goti limevimba lina moto. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa miguu iliyokuwa mizima ikaharibika baadaye, na dawa yake ni ya daktari.

Sasa huyo jike. Pacha hubanana tumboni, miguu ikakaa imekunjwa, kano zikazaliwa fupi. Mnyooshe kwato kwa mkono, taratibu, kisha umwache aziegemee, urudie mara nyingi kwa siku. Mtoe kwenye sakafu ya saruji, inateleza. Mweke juu ya mchanga au magunia. Wengi hunyooka wenyewe ndani ya siku chache kwa kutembea tu. Kufika siku ya pili ukiona bado anakanyagia vifundo, pasua kipande cha paipu ya maji ya plastiki kwa urefu, kizungushie pamba, umfunge nyuma ya mguu kwa kitambaa. Usikaze. Kifungue asubuhi na jioni uangalie kama mguu umevimba au ngozi imechubuka. Angekuwa anakanyagia visigino, vidole juu, hapo kano zimelegea, wala hafungwi kitu.

Dume akishiba, akapata moto, na bado anatetemeka au miguu ya nyuma imekakamaa, mwite daktari wa mifugo. Huenda ni upungufu wa madini ya seleniamu na vitamini E, unaodhoofisha misuli. Sindano ipo, lakini usiende dukani ukanunua na kukisia kipimo. Seleniamu ikizidi inaweza kuua.

Mama yao mpe maji ya vuguvugu yenye molasi, mengi, na majani mabichi ya lusina ukiyapata hapo jirani. Pumba za mahindi kidogo tu leo, asije akavimbiwa. Kamua michirizi miwili mitatu kwa kila chuchu uondoe kizibo, na uangalie: kiwele kikiwa kigumu na cha moto upande mmoja, au maziwa yana mabonge, hiyo ni homa ya kiwele, mwambie daktari. Zalio, yaani kondo la nyuma, lisivutwe. Likikaa zaidi ya saa 12 bila kushuka, mwambie pia. Na akilala akashindwa kuinuka, masikio baridi, huenda ni upungufu wa kalsiamu, hapo usingoje asubuhi.

Kuhusu kuwakataa watoto, bado ni mapema kumlaumu. Amechoka. Mfunge kamba fupi pembeni, wewe umshike, watoto wawekwe chuchuni mara kwa mara, mkiwa mahali padogo na pa kimya, mbwa na watoto wa jirani wakae mbali. Maziwa yake yakishapita matumboni mwao, ataanza kuwatambua kwa harufu.

Jirani mwambie asante, ila kisu kingoje wiki moja. Jioni nipigie unieleze kama dume amejisaidia kinyesi cheusi, na kama mama yao ameshusha zalio. Chuchu za chupa ninazo mbili, nitampa mdogo wako azilete akivuka kivuko kesho.

Mamako