Mungu amenisamehe, kikoba je? Majibu ya maswali yenu kuhusu neema

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka neno moja, neema. Nimechagua matano na kuyafupisha.

Mchungaji, Biblia inasema "tumehesabiwa haki". Kwa nini "kuhesabiwa"? Ina maana Mungu anajifanya haoni dhambi zetu? (Msomaji, Dodoma)

Neno hilo limetoka kwenye hesabu za fedha. Kwa Kigiriki Paulo aliandika *logizomai*, neno la mtu anayeingiza kitu kwenye daftari: hiki kiandikwe kwa fulani. Katika Warumi sura ya 4 analirudia mara 11. Anamshika Ibrahimu wa Mwanzo 15:6, aliyemwamini BWANA, "naye akamhesabia jambo hili kuwa haki". Wakati huo Ibrahimu alikuwa hajatahiriwa, Isaka hajazaliwa, na Torati ya Musa ilikuwa mbali kabisa. Hakuwa na cha kuonyesha.

Nimekulia nyuma ya duka la mama yangu. Daftari la mikopo lilining'inia kwenye msumari kwa kamba ya katani. Mtu akishindwa kabisa kulipa, mama alivuta mstari juu ya jina lake, na mimi nikidhani mambo yameisha. Siku moja nikamwona anahesabu fedha za kwenda kununua bidhaa kwa jumla, akarudia mara mbili, kisha akatoa noti kwenye kanga yake akaongezea. Unga ulikuwa umeshaliwa, na mtu wa jumla hajui habari ya mstari. Deni lilikuwa limehama tu, kutoka kwa jirani kuja kwa mama.

Kwa hiyo hapana, Mungu hajifanyi. Warumi 3:24 inasema tunahesabiwa haki "bure kwa neema yake, kwa njia ya ukombozi ulio katika Kristo Yesu". Hiyo bure ililipiwa msalabani. Tena Mungu anakwenda mbele kuliko mama yangu. Yeye mama alifuta, basi. Mungu akishafuta, anaandika haki ya Mwanawe kwenye ukurasa wako, na ndiyo maana ya 2 Wakorintho 5:21.

Nikiwa na miaka 19 nilitoa mimba. Nimetubu mara nisizoweza kuhesabu na bado sina amani. Mtumishi mmoja ameniambia damu ile bado inanidai, nitoe sadaka ya kufunguliwa, shilingi 300,000. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Mbeya)

Dada yangu, usitoe. Hata shilingi moja.

Soma 1 Yohana 1:9 polepole: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Tungetegemea Yohana aseme Mungu ni mwenye huruma. Ameandika "wa haki". Deni likishalipwa, kulidai tena ni dhuluma, na Mungu hadhulumu. Anayekudai hizo laki tatu anadai kilicholipwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1517 huko Ujerumani viliuzwa vyeti, na watu wa kawaida wakanunua wakiamini vinawapunguzia adhabu ya dhambi, wao na ndugu zao waliokufa. Martin Luther, padre aliyefundisha chuo kikuu cha Wittenberg, aliandika hoja 95 kupinga biashara hiyo. Hoja ya kwanza kabisa inasema Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Toba ya maisha yote haina risiti. Inaniuma kwamba baada ya miaka zaidi ya 500 kuna mtu anapanga bei, na anampangia mama mwenye jeraha.

Sasa hiyo amani. Umetubu mara nyingi, kwa hiyo sidhani kinachokusumbua ni dhambi isiyosamehewa. Huenda ni msiba. Ulimpoteza mtoto, hapakuwa na matanga, hakuna aliyekuja kukaa nawe mkekani. Hatia na majonzi vinalia kwa sauti moja, lakini hatia inataka msamaha, na huo unao. Majonzi yanataka kuliliwa. Mtafute mchungaji au mshauri unayemwamini, mwanamke ikikuwia rahisi, mwambie yote mara moja, na umwombe akutamkie msamaha wa Mungu, uusikie kwa masikio yako. Kisha lia, dada yangu. Huhitaji ruhusa ya mtu.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Kidogo kidogo nilikula shilingi 840,000 na hakuna aliyejua. Mwaka jana niliokoka. Mke wangu anasema Mungu ameshafuta, nisijiaibishe. Anasema kweli? (Ndugu, Mwanza)

Nusu ya kweli. Mungu amefuta. Wanakikoba hawajafuta, na hawawezi kufuta wasichokijua.

Angalia mpangilio wa habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, katika Luka 19. Yesu hakusimama chini ya mkuyu akamwambia arudishe kwanza ndipo aje kula kwake. Alisema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, akaingia, watu wakanung'unika. Fedha zilikuja baadaye, na Zakayo mwenyewe ndiye aliyezitaja: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemnyang'anya atarudishiwa mara nne. Hakununua neema. Ilikuwa imeshakaa sebuleni kwake, ndipo mkono wake ukafunguka.

Torati ilidai kidogo kuliko alichotoa. Mambo ya Walawi sura ya 6 inamwambia aliyedhulumu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwako hiyo ni 168,000, jumla 1,008,000. Sikuwekei kama sheria, ila fikiria: fedha ile ingezunguka kwenye mikopo, na faida ingegawanywa siku ya kuvunja kikoba. Kuna mama alipokea pungufu kwa sababu yako.

Wazee wetu wa Uamsho, ule wa kiroho wa Afrika Mashariki, walilijua hili. Ule moto uliowaka Gahini nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, watu wa nje waliutambua kwa jambo moja la kushangaza: mlokole anagonga mlango wa jirani au wa mwajiri wake akiwa na kitu alichoiba zamani. Hawakufanya hivyo ili waokoke. Walikuwa wameokoka, na kile kitu hakikukalika tena nyumbani.

Anza na mwenyekiti, usisubiri siku ya mkutano. Nenda na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Peleka kiasi ulicho nacho mkononi, na kilichobaki kiandikwe kwa tarehe na sahihi. Wanaweza kukufukuza, wanaweza hata kwenda polisi, na neema haikuahidi kwamba hawatafanya hivyo. Na mkeo usimlaumu. Aibu hii itamkuta yeye sokoni kabla yako. Zungumza naye mpaka akubali kusimama nawe, hata kama itachukua wiki mbili.

Mchumba wangu ni Mkatoliki, mimi Mlutheri. Nyumbani wanasema Wakatoliki wanaamini wokovu kwa matendo, na wananionyesha Yakobo 2:24 wanayoitegemea. (Binti, Moshi)

Mwanangu, tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, na si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Wazazi waonyeshe hilo kwa adabu. Kuhusu Yakobo, anayesema mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake, yeye anamtazama Ibrahimu wa Mwanzo 22, anapomtoa Isaka. Paulo anamtazama wa Mwanzo 15, miaka mingi kabla. Ni mtu yule yule, mwanzoni mwa imani na baada ya imani kukomaa. Mambo yatakayowasumbua ninyi wawili ni ushirika wa meza ya Bwana na ubatizo wa watoto wenu. Hayo yaongeeni kabla ya posa.

Aliyemuua baba yangu yuko gerezani. Ameokoka, anahubiri humo. Ina maana atakaa meza moja na baba yangu mbinguni? (Kijana, Kitale)

Pole, mwanangu. Kama ametubu kweli, ndiyo. Nimejaribu kutafuta jibu jingine la kukupa, sikulipata kwenye Injili.

Lakini msamaha wa Mungu haumtoi gerezani. Yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu na kuahidiwa Paradiso alikiri kwamba adhabu yake ilikuwa halali, na alibaki msalabani mpaka akafa. Na haukulazimishi wewe kumkumbatia. Sauli, ndiye Paulo, alishuhudia Stefano akipigwa mawe; naye alipofika Yerusalemu ameokoka, Matendo 9:26 inasema wanafunzi "walikuwa wakimwogopa wote", hawakusadiki. Luka anaandika hofu yao bila kuwakemea. Labda baadhi yao walikuwa na ndugu aliowatia vifungoni. Barnaba ndiye aliyemchukua Sauli akampeleka kwa mitume.

Katika Ufunuo 6 hata waliouawa kwa ajili ya Neno, walio chini ya madhabahu, wanalia "hata lini", na wanapewa mavazi meupe wangali wanalia. Basi nawe uliza hata lini, na umtaje baba yako kwa jina mbele za Mungu kila siku ukitaka. Mwambie Mungu pia kwamba bado huwezi kusamehe. Anza sala yako hapo hapo. Kama iko siku utataka kumwona mtu yule, usiende peke yako. Tafuta Barnaba wako, na awe mtu aliyemjua baba yako.