Mnaoingia vyama vya tatu Marekani, anzieni chini

Wadau mlioanza kujitolea kwenye vyama vidogo huku Marekani, yaani nje ya Democratic na Republican, najua wengi mmevutwa na mgombea urais, lakini mimi miaka yote niliyozunguka na fomu za saini za kuingiza chama kwenye karatasi ya kura nimeona nguvu nyingi zinaishia hapohapo na baada ya novemba ofisi inafungwa. Ross Perot, mgombea binafsi wa urais mwaka 1992, alipata karibu asilimia 19 ya kura nchi nzima na hakuambulia hata mjumbe mmoja wa wale wa majimbo wanaomchagua rais rasmi, maana karibu kila jimbo anayeongoza anabeba wajumbe wote. Chama alichokianzisha baadae kikaja kugawanyika na kufifia.

Sasa someni habari za jimbo la North Dakota, hii mimi naipenda sana. 1915 wakulima wa ngano wamechoka na mabenki na wenye maghala ya nafaka wa Minneapolis, wakaanzisha Nonpartisan League, watu wao wakawa wanapita shamba kwa shamba na magari ya Ford, unasajiliwa unalipa ada, na hawakusajili hata chama kipya bali waliingia kwenye kura za mchujo za Republican, za kuteua wagombea wa chama, wakasimamisha watu wao humo. 1916 wakapata gavana. 1919 wakapitisha sheria za kuunda benki ya jimbo na kinu cha unga cha jimbo, halafu 1921 gavana wao akaondolewa kwa kura ya wananchi, ligi yenyewe ikadhoofika, ila ile benki na kile kinu vinafanya kazi mpaka leo. Mjue wale waliomuondoa gavana hawakuweza kuiondoa benki, kwa sababu mkulima alikuwa ameshaona faida yake.

Jimbo la Vermont nako ni hivyohivyo, Bernie Sanders alishinda umeya wa Burlington 1981 kwa kura 10 tu akiwa mgombea binafsi, na kundi la pale ndio likaja kuzaa Progressive Party yenye wabunge wa jimbo.

New York kuna njia nyingine, mgombea mmoja anaruhusiwa kuwekwa na vyama viwili na kura za kila chama zinahesabiwa kivyake kabla ya kujumlishwa, kwahiyo chama cha Working Families tangu 1998 wanaweza kumuonyesha mwanasiasa kura zilizotoka kwao ni ngapi. Majimbo mengi hayaruhusu, angalieni la kwenu kwanza.

Na sheria zitabadilishwa mkiwa ndani, 2020 New York walipandisha kiwango cha chama kubaki kwenye karatasi ya kura kutoka kura 50,000 hadi 130,000 au asilimia 2, ipi kubwa. Working Families walivuka mwaka huohuo kwasababu walikuwa na watu mitaani tayari. Nyie mnaokusanya saini, zidisheni sana kuliko kiwango, maana majimbo mengi asiyejiandikisha kupiga kura anakatwa, na saini yenye anwani isiyolingana na ile ya daftari la wapiga kura inaweza kukatwa, na wapinzani watazipitia moja moja.