Influenza haifuti korona

Dada wa Ngamiani uliyeuliza, mwanao wa miaka miwili mwenye homa kukutwa na influenza (virusi vya mafua makali) hakumaanishi hana korona. Anaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja. Kuna na RSV, kirusi kinachobana sana vifua vya watoto wadogo. Kipimo cha haraka cha korona kikitoka hasi na dalili zipo, rudia baada ya saa 48: siku za mwanzo virusi huwa vichache, na kijiti cha kipimo kikiishia mlangoni mwa pua hakichukui kitu. Homa hiyo ipimwe malaria pia. Antibiotiki ya duka la dawa haiui kirusi, usipoteze hela. Sasa mpandishe fulana, akiwa ametulia hesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 40, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, mpeleke hospitali ya Bombo, hapo Tanga, usiku huohuo.