Kabla hujaandika "made headlines" kwenye ripoti, pima kwanza ukubwa wa habari yenu

Mdogo wangu wa Ngaramtoni, umeuliza kama kwenye ripoti ya mwaka ya kikundi chenu cha ufugaji nyuki unaweza kuandika "our group made a headline", kwa kuwa gazeti moja liliwaandika mwezi uliopita. Umeuliza pia kama "kugonga vichwa vya habari" ni Kiswahili kweli au ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Nakujibu kwa urefu, maana msemo huu uliwahi kunitia matatani.

Mwaka 2011 nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa kahawa huku uchagani, juu ya Moshi mjini. Gazeti likaandika habari ya kitalu chetu cha miche: aya nne, kurasa za ndani kabisa, bila picha. Tulifurahi mno. Mwenyekiti aliikata ile habari akaibandika ukutani ofisini. Jioni ileile nikawaandikia wafadhili wetu Uingereza: "Our group has hit the headlines."

Kesho yake asubuhi simu ya mwenyekiti ikaita. Ni mfadhili wetu mmoja kutoka Uingereza, mama wa watu anauliza kwa hofu: kuna aliyeumia? Fedha zimepotea? Ametafuta kwenye intaneti usiku kucha hajaona kitu. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwanangu, umewaandikia nini hawa watu?" Nilikosa jibu. Mimi nilidhani nimeandika "tumetoka gazetini", basi.

Kwetu mtu akisema katoka gazetini, hata mistari miwili inatosha. "Make headlines" inadai zaidi. Inasema habari yako ilikuwa kubwa, ikachapwa kwa herufi nene, na mara nyingi vyombo kadhaa viliibeba kwa wakati mmoja. Ndiyo maana neno linakaa kwenye wingi. Fikiria stendi asubuhi, magazeti yametundikwa na watu wamesimama wanasoma vichwa bila kununua. Kama aliyesimama pale asingeiona habari yenu mpaka afungue kurasa za ndani, hamjafika huko.

"Hit the headlines" ina mshtuko ndani yake. Jambo limeibuka ghafla, na msomaji asipoambiwa ni jema, ni rahisi akajiandaa kwa baya. Si kwamba msemo ni wa mabaya tu. Kilimanjaro made headlines Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipofikishwa mlimani, na Oktoba mwaka huohuo ikarudi tena magazetini moto ulipowaka kwenye miteremko yake. Ila mwandishi mzuri wa Kiingereza hataji msemo huu akanyamaza. Anaweka "when" au "for" na sababu inafuata palepale. Ningeongeza tu "for its new coffee nursery", yule mama angelala usingizi wake, ingawa bado ningekuwa nimetia chumvi.

Ukitaka mfano wa huko kwenu, chukua tarehe 28 Agosti 2000, mkataba wa amani wa Burundi uliposainiwa Arusha, Nelson Mandela akiwa msuluhishi na Rais Bill Clinton wa Marekani akihudhuria. Hapo andika "Arusha made headlines around the world" na hakuna atakayekuuliza swali.

Sasa hiyo "a headline" yako. Naelewa inakotoka, maana Kiswahili chetu kinatumia "kichwa cha habari" kwa cha gazetini na kwa cha barua pia. Nani hajaandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu"? Kiingereza kimevitenganisha: cha gazeti ni headline, cha barua ni subject au heading. Nimewahi kusahihisha barua ya shule iliyosema "we made the headings". Nawe ukisema "made a headline", msomaji anaweza kudhani ulikaa chumba cha habari ukatunga kichwa. Kwa hiyo ni wingi, bila "a". "Made headlines" na "made the headlines" zote zinakubalika, lakini "hit" ipe "the" yake.

Kwa ripoti yenu mimi ningeandika "Our group was featured in a national newspaper", kama habari nzima ilikuwa yenu na gazeti ni la nchi nzima. Kama mlitajwa jina tu ndani ya habari ya wengine, ni "was mentioned". Taja gazeti na tarehe.

Kuhusu "kugonga vichwa vya habari", umeshaota mizizi redioni na sikukatazi. Ila masikioni mwangu bado nasikia "hit" nyuma yake, kwa hiyo nasema "kutawala vichwa vya habari", au habari "imevuma". "Kupamba kurasa za mbele" ni tamu sana kwa habari ya furaha. Naomba tu msiitumie kwa ajali. Watu wamekufa, halafu tunaandika eti vifo vyao vimepamba gazeti! Inaniuma kila ninapoisoma.

Barua yetu niliiandika upya siku ileile: "A newspaper wrote four paragraphs about our coffee nursery." Yule mama akajibu akiomba nakala. Tukaibandua ile habari ukutani, nikashuka nayo mjini kutoa fotokopi, tukamtumia kwa posta.