Maswali Yenu: Bustani Haioti Kwenye Risiti

Niliandika hapa majuzi kwamba kila anayepima mashamba na kuyauza viwanja ndani ya Kigoma-Ujiji achangie bustani na njia za miguu za mtaa anaouanzisha, kwa kutoa ardhi kwanza na pesa pale tu viwanja vyake ni vichache, na kiwango cha mchango huo kipitiwe upya kila mwaka. Ujumbe umekuja mwingi. Matusi nimeyaacha, nimechukua maswali.

"Mzee, tumechoka. Kodi ya pango la ardhi tunalipa, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, sasa unataka tulipie na bustani?" (Gungu)

Hapana. Swali hili nimelijibu mara tatu na bado linakuja. Mwenye nyumba aliyekwisha kujenga hahusiki hata kidogo. Tozo ninayoitetea inalipwa mara moja tu, na yule anayekata shamba kuwa viwanja au anayejenga nyumba nyingi za kuuza, tena kabla hajapata kibali. Jamani, someni mpaka mwisho ndipo mwandike.

"Shikamoo mzee. Mimi mtoto wa Mwanga, sasa naishi California. Baraza la mji wetu huku linataka kupandisha tozo ya bustani na njia za baiskeli inayolipwa na wajenzi. Mwenye nyumba wangu anasema kodi itapanda. Ni kweli?"

Marahaba mwanangu. Hapo ulipo jambo hili ni la siku nyingi. Jimbo hilo lilipitisha sheria inayoitwa Quimby mwaka 1965. Kwa sheria hiyo mji unaweza kumtaka anayegawa ardhi atoe eneo la bustani au alipe fedha badala yake, kwa kipimo cha ekari 3 kwa kila watu 1,000. Mji ambao tayari una bustani zaidi ya kipimo hicho unaweza kudai hadi ekari 5. Wajenzi walikwenda mahakamani kuipinga katika kesi ya mji wa Walnut Creek, wakashindwa mwaka 1971.

Ugonjwa wa tozo hizi ni kuchakaa. Kiwango kinapangwa kwa bei ya ardhi ya mwaka ule, kisha kinaachwa. Tuseme ekari ilikuwa shilingi milioni 3 siku kiwango kilipopitishwa, na leo ni milioni 9. Mjenzi anauza nyumba kwa bei ya leo, mchango wa bustani anautoa kwa bei ya zamani, na ekari uliyotegemea imekuwa theluthi ya ekari. Pengo hilo linazibwa na walipa kodi wote, au halizibwi kabisa na watoto wanacheza barabarani. Ndiyo maana sheria nyingine ya huko, AB 602 ya mwaka 2021, inataka hesabu inayohalalisha tozo ifanywe upya angalau kila baada ya miaka 8. Inataka pia tozo ya nyumba ifuate ukubwa wa sakafu, ili nyumba ndogo isilipe sawa na jumba. Mimi naona miaka 8 ni mingi mno. Katikati hapo kiwango kisogee kila mwaka kidogo kidogo, kikifuata kupanda kwa gharama za ujenzi.

Kuhusu kodi yako: nyumba unayokaa ilishajengwa, tozo hiyo haiigusi. Mwenye nyumba anapandisha kwa sababu wapangaji ni wengi na nyumba ni chache. Kwenye nyumba mpya sitakudanganya, sehemu ya tozo humwangukia mnunuzi, hasa pale mjenzi alipokuwa ameshanunua ardhi kabla ya kiwango kubadilika. Lakini mjenzi anayeijua tozo mapema huiondoa kwenye bei anayompa mwenye shamba. Kwa hiyo ongezeko dogo la kila mwaka, linalojulikana, haliumizi kama kulala miaka 15 kisha kuamka na ongezeko la mara tatu.

Nenda kwenye kikao cha baraza, usiogope lafudhi yako. Uliza kiwango cha sasa kilikokotolewa kwa bei ya ardhi ya mwaka gani. Halafu uliza fedha zilizokusanywa zimelala benki kiasi gani. Sheria inawataka waziweke kwenye akaunti yake peke yake na watoe taarifa kila mwaka. Zikikaa miaka 5 bila kutumika lazima waeleze zinasubiri kazi gani, la sivyo zirudishwe. Ningetamani sharti hilo la mwisho tulinakili neno kwa neno.

"Tozo hiyo itumike kukata nyasi na kulipa walinzi wa bustani?" (Buzebazeba)

Hapana. Mchango wa mara moja haulipi mshahara wa kila mwezi. Hiyo ni kazi ya bajeti ya kila mwaka.

"Kwa nini unang'ang'ania watoe ardhi? Halmashauri ikipewa pesa itanunua eneo yenyewe." (Katubuka)

Hapa tunaachana njia, bwana wa Katubuka, na nitakaa hapa kidogo.

Chukua shamba linalokatwa viwanja 400. Weka watu watano kila nyumba. Ni watu 2,000. Kwa kipimo kile cha ekari 3 kwa watu 1,000, mtaa huo unahitaji ekari 6, ambazo ni kama mita za mraba 24,000. Ukizigawa kwa viwanja vya mita za mraba 600 unapata viwanja 40. Kila mpimaji anaiona hesabu hiyo kabla mimi sijaiandika, na ndiyo sababu atakimbilia kulipa pesa. Pesa itaingia leo, viwanja vyote vitauzwa leo, na siku halmashauri itakapotaka kununua ekari 6 mahali pale hakutakuwa na hata robo ya kununua, ila kwa kuvunja nyumba za watu. Watanunua nje ya mji, kwenye bei ndogo, na bibi wa Mwanga hatafika huko kwa miguu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Shamba kubwa litoe ardhi, pesa zisikubaliwe. Pesa zibaki kwa yule mwenye viwanja kumi au kumi na mbili ambaye kipande chake kingekuwa kidogo mno kuwa bustani, nazo zitumike ndani ya kata ileile. Na ardhi inayotolewa iwe ardhi. Isiwe korongo, isiwe mteremko usioweza kusimama mbuzi, isiwe njia ya maji ya mvua iliyopakwa rangi ya kijani kwenye mchoro.

Nimefanya kazi ya michoro miaka mingi, na mji mmoja sitausahau. Tulichora uwanja wa watoto katikati ya mtaa, mchoro ukapitishwa, wanunuzi wakaonyeshwa uwanja huo na kulipa zaidi kwa sababu yake. Niliporudi baada ya miaka minne nilikuta nyumba tatu na msingi wa ya nne. Mama mmoja aliniuliza, "Si wewe uliyetuambia hapa ni pa watoto?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninalitafuta.

"Je, hii si njia ya kumnyang'anya mtu ardhi kwa kisingizio cha bustani?" (Ujiji)

Swali zuri kuliko yote niliyopata. Hatari hiyo ipo na Wamarekani wameifikisha mpaka Mahakama yao ya Juu. Bi Florence Dolan alikuwa na duka la vifaa vya mabomba katika mji wa Tigard, jimbo la Oregon. Alipoomba kulipanua, mji ukamtaka atoe sehemu ya ardhi yake kando ya kijito pamoja na ukanda wa njia ya miguu na baiskeli. Mwaka 1994 mahakama ilisema mji lazima uonyeshe kwamba unachodai kinalingana, japo kwa makadirio, na mzigo ambao ujenzi huo unauleta. Mwaka 2013 ikasema ni hivyo hivyo unapodai pesa. Mwaka 2024, katika kesi ya bwana mmoja wa California aliyedaiwa dola 23,420 za barabara kwa kuweka nyumba moja tu, majaji wote wakakubaliana kwamba hata tozo iliyopangwa kwa sheria haiepuki kipimo hicho.

Mimi naikubali hukumu hiyo kwa moyo wote. Anayetoza aonyeshe hesabu: watu wangapi wanaongezeka, wanahitaji nini, kinagharimu kiasi gani. Upungufu wa jana asibebeshwe anayejenga leo. Kigoma-Ujiji ilihesabiwa watu zaidi ya 230,000 katika sensa ya 2022, na kwa ekari 3 kwa watu 1,000 tungehitaji karibu ekari 700. Deni hilo ni letu sote na litalipwa na bajeti, haliwezi kutupiwa kampuni moja ya viwanja. Hapa kwetu tozo yoyote itapita kwenye sheria ndogo ya Baraza la Madiwani, kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, na kuidhinishwa na Waziri. Kiwango kisichokuwa na hesabu nyuma yake kitapigwa chini kwenye shauri la kwanza, na waendelezaji wana mawakili.

"Nimeuziwa kiwanja ufukweni, hatua ishirini kutoka majini. Dalali anasema nikilipa hiyo tozo yako nitaruhusiwa kujenga?"

Dalali anakudanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hakuna tozo inayonunua mita hizo. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni, watu wa Kibirizi waliona maji yalikofika. Dai pesa yako irudi, upesi.

Na mita hizo 60 ndizo njia ya miguu ambayo Mungu ametuchorea bure. Ujiji ndiko ilikoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo, kilomita zipatazo 1,200 za watu waliotembea kwa miguu, wengi wao wakiwa wamefungwa minyororo, kupitia Kwihara pale Tabora. Njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Mji wenye historia hiyo hauna haki ya kukosa njia ya miguu ya uhakika.

"Watu wana njaa, wewe unazungumza bustani." (bila jina)

Mwenye njaa ndiye hana uwanja nyuma ya ukuta wake. Mwanawe anacheza barabarani kati ya bodaboda. Bustani ya umma ni ya kwake kwanza.

"Naomba unitafutie kiwanja cha bei nafuu Bangwe."

Mimi si dalali. Ujumbe wa namna hii wiki hii ni wa kumi na moja. Nitaanza kuufuta bila kuusoma.

"Sisi kina mama wa mtaani tufanye nini sasa, kabla hiyo sheria ndogo haijaja?" (Mwanga)

Nendeni ofisi ya mipango miji, watatu au wanne, si mmoja. Ombeni kuona mchoro uliopitishwa wa mtaa wenu. Andikeni namba ya mchoro na namba ya kila kiwanja kilichoandikwa eneo la wazi au mahali pa kuchezea. Kisha mrudi mtaani na mwenyekiti wenu mkazitafute bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, moja moja, na watoto muwe nao ili wajue mahali pao. Mkiambiwa matumizi yamebadilishwa, ulizeni tangazo la mabadiliko lilibandikwa wapi na lini. Na mkikuta bikoni imeng'olewa, pigeni picha siku hiyohiyo, mpelekeeni mtendaji wa kata barua, na nakala igongwe muhuri mbele ya macho yenu.